Milango ya rangi kwenye Metroid: makombora yanahesabiwaje, na mchezaji anazuiwaje asikwame?

mjenzi_2D

Habari za jioni wakuu. Natengeneza gemu la pande mbili kwa Godot (programu ya kutengenezea magemu), ramani moja kubwa ambayo mchezaji anarudi mara kwa mara sehemu alizokwishapita, mtindo wa Super Metroid. Kinachonisumbua ni milango. Nimeweka rangi nne, lakini wanaolijaribu wanalalamikia mambo matatu: hawaelewi mlango unataka nini, wanaishiwa silaha wakiwa mbele ya mlango, na wengine wanasevu sehemu ambayo hawawezi tena kutoka.

Naomba wanaoijua Metroid kwa undani wanisaidie. Mlango mwekundu unahesabu vipi makombora? Ukipiga matatu ukaondoka, hesabu inabaki au inafutika? Ukishafunguka, unabaki hivyo au unajifunga? Na vizuizi ambavyo si milango, kama joto na maji, vinaendeshwa kwa namba zipi? Nahitaji namba halisi ili nijue pa kuanzia.

Torizo_94

Karibu mkuu. Tuanze na Super Metroid yenyewe, ya 1994 kwenye Super Nintendo, kwa sababu mpango wake wa rangi ndio unaoigwa na wengi.

Mlango wa buluu unafunguliwa na silaha yoyote: risasi ya kawaida, bomu, kombora. Mwekundu unataka makombora 5 ya kawaida au Super Missile 1 (kombora kubwa). Wa kijani unataka Super Missile 1, na kombora la kawaida haliufanyi chochote hata ukipiga mchana kutwa. Wa njano unataka Power Bomb 1 (bomu kubwa). Wa kijivu hauna silaha yake. Huo unasubiri tukio litimie: bosi afe, au maadui wote wa chumba waishe. Sharti likitimia mlango unaanza kumetameta, na hapo risasi moja inatosha.

Angalia jambo moja ambalo wanaoiga hulisahau. Super Missile inafungua wa kijani na pia inafungua mwekundu kwa pigo moja. Yaani ufunguo mkubwa unafungua na kufuli dogo. Kadiri Samus, mhusika unayemwendesha, anavyopata vifaa, milango ya mwanzo inazidi kuwa nyepesi, na mchezaji anaona nguvu zake zikikua bila kuandikiwa neno lolote kwenye skrini. Ukifanya kila rangi iwe na silaha yake peke yake, mchezaji wa saa ya sita atabaki anabadilisha silaha mlango hadi mlango kama alivyokuwa saa ya kwanza.

Kuhusu hesabu: mapigo yanahesabiwa ndani ya chumba tu. Ukipiga matatu ukatoka, ukirudi chumba kinapakiwa upya na mlango unaanza sifuri. Ila ukiufungua mara moja, unaandikwa kwenye orodha ya milango iliyofunguliwa na kuanzia hapo ni wa buluu siku zote. Orodha hiyo inaingia kwenye sevu. Ukifa kabla ya kusevu, mlango unarudi kuwa mwekundu, na makombora uliyotumia nayo yanarudi. Hakuna aliyedhulumiwa.

Sasa tazama wanavyoufundisha mlango mwekundu. Samus anashuka eneo la Brinstar, anachukua Morph Ball (uwezo wa kujikunja kuwa mpira), halafu pakiti ya kwanza ya makombora. Pakiti ina makombora 5. Anapanda tena eneo la juu, Crateria, na mlango unaoelekea kwenye mabomu ni mwekundu. Ana 5, mlango unataka 5. Akipoteza moja ukutani hajaharibikiwa, kwa sababu kwenye hicho hicho chumba kuna vidude vinavyoruka ambavyo vikifa vinaweza kuangusha makombora, na kila alama ya kombora anayookota inampa 2. Ndani anachukua mabomu, mlango nyuma yake unageuka wa kijivu, na sanamu lililokuwa limeshika mabomu hayo linaamka kupigana naye. Vyumba viwili tu, na kashajua mwekundu unataka nini na wa kijivu unataka nini.

Kwa hiyo lile la kuishiwa silaha, jibu ni hili: weka chanzo cha kujazia upande ule ule anaposimama mchezaji, kabla ya mlango, ndani ya chumba hicho au cha jirani. Super Metroid ina mashimo ya bomba ambayo wadudu hawaishi kutoka. Unasimama pembeni, unapiga, unaokota hadi unajaa. Super Missile na Power Bomb zinarudi 1 kwa kila alama, makombora 2.

rangi_na_sauti

Naongezea upande wa "mlango unataka nini", maana rangi peke yake haitoshi.

Kombora likiupiga mlango mwekundu, mlango unamweka. Risasi ya kawaida ikiupiga, unasikia mlio mfu na hakuna kinachomweka. Hizo ni alama mbili tofauti kwa kitufe kimoja, na zinakuja papo hapo. Mchezaji akipiga kombora moja akaona mlango umemweka, ataongeza la pili. Asipoona kitu ataondoka akatafute silaha nyingine. Kama mlango wako unanyamaza hadi pigo la tano, watu wataondoka baada ya la pili wakiamini wamekosea silaha. Nahisi ndicho kinachowatokea wanaokujaribia.

Power Bomb ina tatizo lake. Kwenye Super Metroid unazungusha silaha kwa Select, na ukiwa umesimama huku Power Bomb imechaguliwa, kitufe cha kupiga kinatoa risasi ya kawaida. Lazima ujikunje kwanza kuwa mpira ndipo uitege. Mgeni anapiga mlango wa njano akiwa wima, anasikia mlio mfu, anahitimisha kwamba Power Bomb si yenyewe. Ukitumia silaha ya namna hii, weka mlango wa kwanza wa njano karibu na upenyo mdogo unaomlazimu ajikunje, ili awe tayari mpira anapoufikia. Mlipuko wenyewe unaenea karibu skrini nzima, kwa hiyo hana haja ya kuugusa mlango.

Halafu usitegemee rangi tupu. Nyekundu na kijani ndizo zinazowachanganya wengi wasiotofautisha rangi vizuri. Ongeza umbo: mistari mitano inayozimika mmoja mmoja kwa mlango wa mapigo matano ingemaliza kazi yote, na ingeonyesha yamebaki mangapi.

Ukuta_wa_Norfair

Milango ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni vizuizi ambavyo havina kifuniko.

Kwanza mageti. Super Metroid ina mageti ya kushuka yenye kitufe upande mmoja, nayo yana rangi kama milango. Tofauti ni kwamba geti haliandikwi popote: ukitoka chumbani ukarudi, limefungwa tena. Kwa hiyo geti la kijani linakula Super Missile kila unapopita. Ndiyo maana mageti ni machache na hukaa zaidi kwenye njia za mkato na zawadi kuliko kwenye njia kuu. Usiweke geti la kula silaha kwenye njia ambayo mchezaji lazima aipite mara kumi.

Pili matofali. Kuna yanayovunjwa kwa bomu, kwa Power Bomb, kwa Super Missile, kwa risasi tu, na kuna ya Speed Booster ambayo yanavunjika ukiyapita kwa kasi kamili. Kuna pia yanayobomoka ukiyakanyaga. Mengi yamefichwa, yanafanana kabisa na ukuta. Bomu likilipuka jirani na tofali lililofichwa la silaha nyingine, tofali linaonyesha alama ya silaha inayohitajika. Hiyo ni huruma kubwa kwa mchezaji: hakufungua, lakini bomu lake limemletea habari. Baadaye kifaa cha X-Ray Scope kinafanya hivyo kwa sehemu ya skrini unayoimulika.

Tatu mazingira, na hapa ndipo namba zako. Vyumba vya moto vya eneo la Norfair bila Varia Suit (suti ya kukinga joto) vinakula nishati 1 kila fremu 4. Kwa fremu (picha za skrini) 60 kila sekunde, hiyo ni 15 kwa sekunde. Samus anaanza na 99, kwa hiyo bila tangi hata moja ana kama sekunde 6 na nusu. Kila Energy Tank inaongeza 100, takriban sekunde 7 nyingine. Lava inakula 30 kwa sekunde, asidi 90. Varia inaondoa kabisa madhara ya joto. Lava inataka suti nyingine, Gravity Suit. Asidi inakuumiza hata ukiwa na suti zote.

Naomba uzingatie kwamba joto si ukuta. Ni gharama. Mchezaji mwenye matangi manne anaweza kukimbia chumba cha joto bila Varia, akachukua kitu, akarudi akiwa hoi. Gemu halimkatazi. Mlango wa kijani ni ndiyo au hapana, ila joto ni "utalipa kiasi gani". Maji ya eneo la Maridia ni hivyo hivyo: bila Gravity Suit mwendo unakuwa mzito na miruko mifupi, lakini mwenye ujuzi anapita. Gemu likiwa na kufuli za ndiyo au hapana pekee linachosha haraka. Changanya.

Na kizuizi ninachokipenda kuliko vyote kwenye mfululizo mzima: njia ya kioo inayopita chini ya maji ya Maridia. Unaipita mara kadhaa kama korido ya kawaida, haina mlango wala rangi. Ukitega Power Bomb ndani yake, kioo kinapasuka na eneo zima linafunguka.

skana_kwanza

Kwenye Metroid Prime (2002, GameCube) mlango umebadilishwa kazi. Buluu ni silaha yoyote, zambarau ni mwale wa Wave Beam, nyeupe ni Ice Beam, nyekundu ni Plasma Beam. Miale haiishi, kwa hiyo mlango hauli chochote. Unabadilisha mwale, unapiga, unapita. Juu ya baadhi ya milango kuna ngao ya chuma inayotolewa kwa kombora 1, na ikitoka hairudi, halafu chini yake unakuta mlango wa rangi yake. Ngazi mbili kwenye mlango mmoja.

Kuta nazo zina majina ya madini ambayo unayasoma kwa skana: Talloric Alloy inavunjwa na bomu la Morph Ball, Cordite na Super Missile, Bendezium na Power Bomb. Mchezaji anajifunza jina mara moja, na akilikuta tena saa tatu baadaye anajua arudi na nini.

Lakini kazi kubwa ya mlango wa Prime haionekani. Ukiupiga, gemu linasoma chumba kinachofuata kutoka kwenye diski, na mlango unafunguka kikishakuwa tayari. Ukikimbia sana utaona mlango umepigwa ila umekawia kufunguka. Ndiyo sababu vyumba vikubwa vimetenganishwa na vikorido vifupi vilivyopinda: vinanunua muda wa kupakia, na huwezi kuona vyumba viwili vikubwa kwa pamoja. Ukiwa na Godot fanya hivyo hivyo: anza kupakia chumba cha pili mchezaji anapokaribia mlango, na uufungue pale tu upakiaji umekamilika. Kosa la kawaida ni kuanza mchoro wa kufunguka halafu kupakia, mchezaji anaingia kwenye weusi au anadondoka nje ya ramani.

Prime 2: Echoes (2004) ilirudisha gharama: Dark Beam na Light Beam zina risasi zinazokwisha, na milango yake inazitaka. Wangeweza kuwakwamisha watu vibaya sana. Suluhisho lao: risasi zikiwa sifuri, ukishikilia kitufe cha kupiga hadi mwale ujae ukaachia, inatoka risasi moja ya kawaida ya mwale huo. Inachelewa, haifai vitani, lakini mlango unafunguka. Kama unataka milango inayokula silaha huku ukilala usingizi kwamba hakuna atakayefungiwa, chukua hilo.

sekta_ya_nne

Wakuu mnaisahau Metroid Fusion (2002, Game Boy Advance), na kwa malalamiko ya mjenzi naona ndiyo yenye dawa. Milango yake ya rangi haili silaha hata moja. Kuna ngazi za usalama: buluu ni ya 1, kijani ya 2, njano ya 3, nyekundu ya 4. Unafika chumba cha usalama, unawasha ngazi, na milango yote ya rangi hiyo kwenye kituo kizima inafunguka kwa mkupuo. Hakuna kuhesabu, hakuna kuishiwa, na kwenye kodi ya programu ni namba moja tu: kama ngazi ya mchezaji ni sawa na ya mlango au zaidi, fungua.

Linganisha na Metroid ya kwanza ya 1986, ambako mlango mwekundu ulikula makombora 5 na wa rangi ya chungwa 10. Makombora 10 kwa mlango mmoja ni kumtuma mtu akavune wadudu.

Torizo_94

Sekta, kwa urahisi wa kodi nakubali, na 10 ilikuwa nyingi mno, ndiyo maana Super Metroid haina mlango wa aina hiyo. Ila swichi ya Fusion haikupi kitu mkononi. Super Missile inafungua mlango wa kijani, na pia inapiga bosi, inavunja tofali, inaokoa makombora kwenye milango myekundu. Ukiipata unakumbuka sehemu tano za kurudi na wakati huo huo unapigana vizuri zaidi. Ngazi ya 2 ukiiwasha, milango ya kijani inafunguka basi, Samus mwenyewe ni yule yule. Fusion inaweza kumudu hilo kwa sababu kompyuta inakuambia uende wapi kila hatua. Gemu la mjenzi halina kiongozi wa namna hiyo, linahitaji ufunguo ambao ni kifaa.

Mjenzi, kama hutaki hesabu, chukua njia ya Prime: silaha ndiyo ufunguo, lakini haiishi.

mjenzi_2D

Shukrani sana wakuu. Nitapunguza mlango mwekundu hadi mapigo matatu, niweke mistari ya kuzimika, na wadudu wa kujazia kabla ya kila mlango unaokula silaha. Limebaki la kusevu na kukwama. Kwangu linatokea hivi: mchezaji anaruka shimo refu, chini kuna chumba cha kusevu, na njia ya kutoka inataka kuruka juu ambako hana. Nawezaje kuyapata mashimo yote ya aina hii bila kucheza gemu zima kila nikibadilisha kitu?

Ukuta_wa_Norfair

Fanya kama wanavyofanya watengenezaji wa programu za kuchanganya vifaa za Super Metroid. Hizo zinabadilisha mahali pa kila kifaa, kwa hiyo lazima zihakikishe kwa hesabu kwamba mchezo unamalizika.

Andika kila chumba kama nukta na kila mlango kama njia mbili: kwenda na kurudi, kila moja na sharti lake. Hapa ndipo wengi wanakosea, wanaandika sharti moja kwa mlango mzima. Mlango una kifuniko kila upande, na vifuniko havilazimiki kufanana. Shimo refu ni njia ya kwenda isiyo na sharti na njia ya kurudi yenye sharti la kuruka juu. Kama chumba kimoja kina sehemu mbili ambazo mchezaji hawezi kutoka moja kwenda nyingine bure, kigawe kuwa nukta mbili.

Kisha anza na mchezaji asiye na kitu. Panua hadi asipoweza kwenda zaidi, mpe kifaa alichokifikia, panua tena. Kila anapofika chumba cha kusevu, uliza swali moja: kutoka hapa, kwa vifaa alivyonavyo sasa pamoja na vile anavyoweza kuvifikia kutoka hapa bila kurudi nyuma, anaweza kufika kambi kuu? Jibu likiwa hapana, programu ikuandikie jina la chumba na orodha ya vifaa. Usijaribu mpangilio mmoja tu wa kuokota vifaa. Mchezaji anaweza kuruka shimo kabla ya kuchukua kitu ulichodhani angekuwa nacho. Jaribu kila mpangilio unaowezekana, kwa vifaa vichache kompyuta haichoki.

Silaha zinazokwisha usizihesabu moja moja. Hesabu uwezo wa kubeba: kama mlango unataka 3 na tangi lake linabeba 5, sharti limetimia, mradi chanzo cha kujazia kiko upande anaotokea na chanzo chenyewe hakihitaji kupita mlango huo huo. Joto liandike kwa nishati: chumba cha sekunde 10 kwa 15 kwa sekunde ni 150, weka akiba, sema anahitaji matangi mawili.

Kuhusu shimo lako, una njia tatu. Weka kifaa chako cha kuruka juu chini huko huko, kabla ya chumba cha kusevu. Au hamisha chumba cha kusevu kipande cha juu, ili aliyekwama afungue sevu ya nyuma. Au fanya njia ya kutoka iwe ya ujuzi ambao Samus anao tangu mwanzo. Super Metroid imefanya hiyo ya tatu Brinstar: kuna shimo refu ambalo unatoka kwa kurukia ukuta kwenda ukuta, na chini yake kuna wanyama watatu wadogo, Etecoon, wanaorukia kuta mbele yako tena na tena hadi uelewe. Hakuna kifaa kinachohitajika. Lakini ukichagua hiyo, miruko ya ukutani ya gemu lako iwe inasamehe: acha kama fremu 6 hadi 8 kati ya kugeuza upande na kubonyeza kuruka, vinginevyo ujuzi utageuka kuwa ukuta kwa wachezaji wengi.

rangi_na_sauti

Na jaribu jambo moja zaidi kabla ya kutoa toleo jipya: mchezaji akiwa amesimama ndani ya fremu ya mlango wakati unajifunga. Kwenye Metroid ya 1986 watu waliutumia mlango unaofunga kupenya ukutani na kupanda hadi vyumba visivyokuwepo kwenye ramani. Kifuniko chako kisirudishe mgongano hadi mwili wa mchezaji uwe umetoka kabisa kwenye eneo lake. Kwenye Godot weka Area2D (eneo linalotambua aliyemo) kubwa kidogo kuliko kifuniko, na uwashe CollisionShape2D (umbo la mgongano) kwa set_deferred pale tu Area2D inapokuwa haina mtu.